Pedali ya gitaa yenye vipuri mbadala: dalili, chanzo na namna ya kuitengeneza

Hapa Lubumbashi si rahisi kuingia dukani na orodha ya vipuri thelathini ukatoka navyo vyote. Unaanzia soko la Kenya (mtaa wa hapahapa mjini, si nchi), unapita kwa mafundi wa redio na televisheni, unamwagiza mtu anayekwenda Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na bado vitatu au vinne vinakosekana. Ndipo muuzaji anakuambia: "Yaya, ile haiko, lakini hii njo ile ile, kamata." Mara nyingi anasema kweli. Mara nyingine "ile ile" yake ina maana kwamba kipuri kina miguu mitatu na kinaingia kwenye matundu yale yale.

Mwongozo huu umetokana na pedali, yaani viboksi vya kubadilisha sauti vinavyokaa kati ya gitaa na ampli, nilizoletewa mezani na wapiga gitaa wa makanisa na wa bendi. Nyingi ni za aina mbili: fazi (fuzz, pedali inayochakaza sauti) ya transista mbili, na pedali ya mkwaruzo yenye chipu ya miguu minane. Malalamiko yanajirudia, kwa hiyo nimeyapanga kwa dalili, nikianza na chanzo ninachokikuta sana. Kabla hujabadilisha kipuri chochote, jiulize kinafanya kazi gani pale kilipo. Kapasita ya 100nF iliyowekwa kusafisha umeme unaweza kuibadilisha kwa karibu yoyote inayokaribiana nayo. Kapasita inayopitisha sauti ya gitaa ukiikosea, gitaa lenyewe linabadilika.

Utahitaji multimita (hata ile ndogo ya DT830 inatosha), betri mpya ya 9V, chuma cha kulehemu cha wati 25 hadi 40, na mchoro wa sakiti yako. Bila mchoro unapapasa gizani. Neno moja la kukubaliana: mafundi wetu huita "masi" upande wa hasi wa sakiti, ule unaogusa pia boksi la chuma. Nami nitaliita hivyo.

Kwanza, mambo ya dakika tano

Chomeka gitaa moja kwa moja kwenye ampli, ukijaribu kebo zako mbili moja baada ya nyingine. Nimewahi kupokea pedali nzima kabisa, kumbe waya wa kebo ulikuwa umekatika ndani ya plagi.

Kisha weka betri mpya mahali pa adapta, na upime volti pedali ikiwa imewashwa. Betri iliyochoka hudanganya ikipimwa peke yake.

Tatu, angalia jeki ya kuingizia gitaa. Pedali nyingi za betri hutumia jeki ya stereo kama swichi: hasi ya betri imefungwa kwenye mguu wa pete, na plagi ya mono ikiingia inaunganisha pete hiyo na masi. Mtu akikosa jeki ya stereo akaweka ya mono, ama umeme haufiki kabisa, ama anaunganisha betri moja kwa moja nayo inakauka usiku kucha. Tafuta jeki ya stereo, au toboa tundu uweke swichi ndogo ya kuzimia.

Taa inawaka, sauti hakuna

Chanzo cha kwanza, na kinaviacha vingine mbali, ni miguu ya transista. Transista mbili zinaweza kufanana umbo, ukubwa na kazi, halafu miguu yao ikawa na mpangilio tofauti. Shika transista uso wake bapa ukikutazama, miguu ikielekea chini. Kutoka kushoto kwenda kulia, ukiita emita E, beisi B na kolekta C:

- BC547, BC548 na BC549: C, B, E
- 2N3904, 2N5088 na S9014: E, B, C
- 2SC1815 na 2SC945, ambazo juu yake huandikwa C1815 au C945 tu: E, C, B
- 2N2222 ya plastiki: ikiandikwa PN2222A ni E, B, C, ikiandikwa P2N2222A ni C, B, E

Huo mstari wa mwisho umesumbua watu wengi. Tarakimu moja mwanzoni mwa jina imegeuza mpangilio wa miguu.

Kijana mmoja wa kwaya, kule Katuba, aliniletea pedali yake ijumaa jioni. Kesho yake walikuwa na mazoezi. Mchoro ulitaka BC547, sokoni alipewa C1815 zilizotolewa kwenye redio-kaseti. Alilehemu vizuri kuliko wengi ninaowajua, kila tone la risasi liling'aa. Transista zote mbili zilikuwa zimekaa sawasawa na picha, uso bapa upande uleule, na hapo ndipo kosa lilipokuwa. Tulizitoa, tukazigeuza nusu mzunguko ili E iingie tundu lake, kisha tukapishanisha miguu miwili iliyobaki, mmoja tukiuvika ganda la plastiki lililovuliwa kwenye waya mwembamba ili isigusane. Sauti ikatoka. Ukiwa na 2N3904 mahali pa BC547 kazi ni nyepesi zaidi: igeuze tu nusu mzunguko, uso bapa uelekee upande wa pili.

Kama maandishi yamefutika, tumia multimita kwenye alama ya diodi. Transista ya NPN (kama zote za orodha hiyo) ina mguu mmoja ambao ukiugusa kwa waya mwekundu, miguu mingine miwili inaonyesha 0.6 hadi 0.7 kwa waya mweusi. Huo mmoja ni B. Katika ile miwili, unaosoma juu kidogo ni E. Hakikisha kwa kuichomeka kwenye matundu ya hFE, yanayopima ukuzaji, yaani transista inazidisha mkondo mara ngapi: ukipata namba kubwa, miguu umeijua, ukipata namba ndogo sana, E na C umezibadilishana.

Chanzo cha pili ni chipu isiyo ya kabila hilo. TL072, 4558 na NE5532 zina mpangilio mmoja wa miguu, na unaweza kuzibadilishana bila kugusa kitu kingine. LM386 nayo ina miguu minane na inapatikana kirahisi, ila hiyo ni ampli ndogo ya kusukuma spika, na umeme wake unaingia mguu wa 6, wakati TL072 unaingia mguu wa 8. Haitafanya kazi hata kidogo. TL071 na 741 ni za nafasi moja (ampli moja tu ndani yake); usiziweke mahali pa chipu ya nafasi mbili. Nakusihi uweke soketi ya miguu minane badala ya kulehemu chipu yenyewe. Bei yake ni ndogo, na itakuokoa siku ya kujaribu nyingine.

Chanzo cha tatu: diodi iliyokufa kwa joto la chuma cha kulehemu. Katika pedali ambazo diodi za mkwaruzo zinashuka hadi masi, diodi moja ikigeuka kuwa kama waya mtupu, sauti yote inaenda masi. Inua mguu mmoja wa kila diodi. Sauti ikirudi, umempata mhusika. Diodi za jerumani (madini ya germanium, si nchi ya Ujerumani) ndizo zinazokufa upesi: shika mguu wake kwa koleo kati ya diodi na chuma cha kulehemu, ili joto liishie kwenye koleo.

Ukishindwa bado, pima volti kwenye chipu, waya mweusi ukiwa kwenye masi. Mguu wa 8 uwe na karibu 9V, wa 4 uwe 0V, na miguu ya kutolea sauti, 1 na 7, iwe na karibu 4.5V. Mguu wa 3 unaweza kukuonyesha 3V tu, nawe ukadhani kuna hitilafu. Multimita ya bei nafuu ina ukinzani wa ndani wa megaomu 1, na ukipima mahali panapolishwa kupitia rezista ya 510k, yenyewe inavuta volti chini. Amini mguu wa 1 na wa 7. Hiyo nayo ikionyesha karibu 9V au karibu 0V, tazama rezista mbili zinazogawa umeme nusu kwa nusu, kwa kawaida 10k na 10k. Mara nyingi moja ni 100k: kahawia, nyeusi, njano mahali pa kahawia, nyeusi, chungwa. Chini ya taa ya simu, umeme ukiwa umekatwa, njano na chungwa ni rangi moja. Pima kila rezista kwa multimita kabla haijaingia kwenye bodi.

Sauti inakoroma, inakatika kabla noti haijaisha

Hii ni dalili ya fazi, na karibu kila mara transista mbadala ina ukuzaji usiolingana na sakiti. Fazi ya kale ya transista mbili, ya aina ya Fuzz Face iliyotoka Uingereza mwaka 1966, ilitumia transista za jerumani zenye ukuzaji wa kadiri: hesabu ya 70 hadi 80 kwa ya kwanza, na 100 hadi 130 kwa ya pili, ndiyo wajenzi wengi huipenda. Ukiweka BC549C yenye ukuzaji unaozidi 400, umeweka farasi mahali pa punda: mizani yote ya volti inahama.

Kagua rahisi kwanza. Pima volti kwenye kolekta ya transista ya pili. Inatakiwa iwe karibu 4.5V. Ukisoma 1V au 8V, noti zitakoroma na kukatika. Ponyo lake ni kutoa rezista ya 8.2k inayolisha kolekta hiyo, kuweka potensiometa (rezista ya kuzungusha) ndogo ya kurekebishia ya 20k, na kuzungusha polepole, waya wa multimita ukiwa palepale, mpaka uone 4.5V. Halafu piga gitaa, uzungushe kidogo huku na huku ukisikiliza. Sikio ndilo hakimu. Kuna wanaopenda 5V. Ukiridhika, iache hapohapo, au itoe, upime ilipofika, na uweke rezista ya kiasi hicho.

Ukiwa na nafasi ya kuchagua transista sokoni, soma herufi ya mwisho. BC547A ina ukuzaji wa 110 hadi 220, B ni 200 hadi 450, C ni 420 hadi 800. C1815 zina herufi zake: Y ni 120 hadi 240, GR ni 200 hadi 400. Kwa fazi, A au Y inatulia vizuri. Muuzaji akikuruhusu, chukua multimita yako na upime hFE kumi palepale juu ya meza yake, uchague mbili. Wengi wanaruhusu ukinunua zote kumi.

Kuhusu AC128 na wenzake wa jerumani wanaochomolewa kwenye redio za zamani: sauti yao ni tamu, nami nazitafuta kila mahali. Lakini nyingi ni za PNP, aina iliyo kinyume cha NPN, kwa hiyo chanya ya betri ndiyo inayokwenda masi na kapasita zote za elektroliti zinageuzwa. Usiichanganye na mchoro wa NPN. Pili, zinavuja umeme, na uvujaji unapanda na joto. Mwezi wa Oktoba hapa kwetu, kabla mvua haijaanza, pedali iliyoimba asubuhi inaweza kukoroma saa nane mchana ikiachwa juani jukwaani. Namba ya hFE unayosoma kwenye multimita ndogo ina uvujaji huo ndani yake, hivyo AC128 inayoonyesha 180 inaweza kuwa kweli na 90 tu. Ishike kati ya vidole viwili huku ukiipima. Namba ikipanda kwa kasi kwa joto la vidole, iache.

Kwa pedali za chipu, kukoroma kwenye noti ndogo, mkia wa sauti ukiwa kama mchanga, mara nyingi ni LM358. Miguu inalingana na TL072, lakini imejengwa kwa kazi nyingine, na inachafua sauti kila mawimbi yanapovuka katikati. Badilisha.

Sauti imekuwa nyembamba, au imezama kwenye matope

Hapa naomba usome polepole, maana ndiyo dalili inayopuuzwa kuliko zote. Pedali inafanya kazi, mtu anasema "basi, ndivyo ilivyo", na anapiga nayo miaka miwili ikiwa imemnyang'anya nusu ya gitaa.

Sisi wa Katanga gumba letu linapiga besi. Mpiga gitaa Mwenda Jean Bosco, aliyerekodiwa na mtafiti wa muziki Hugh Tracey mwaka 1952 kule Jadotville, ambayo leo ni Likasi, alipiga kwa gumba na kidole cha shahada, na vidole hivyo viwili vilitosha kuwa watu wawili. Pedali inayokata besi inamwondoa mmoja wao.

Chanzo cha kwanza ni kusoma vibaya namba za kapasita. Tarakimu mbili za mwanzo ni kiasi, ya tatu ni idadi ya sifuri, na jibu ni pikofaradi (pF); pikofaradi 1,000 ni 1nF. 104 ni 100nF, 473 ni 47nF, 472 ni 4.7nF. Mtego ni 470: hiyo ni 47pF. Ukitaka 470pF tafuta 471.

Tazama mfano mmoja kwa karibu. Katika pedali ya mkwaruzo ya aina ya Tube Screamer kuna rezista ya 4.7k na kapasita ya 47nF zinazoshuka pamoja hadi masi. Hizo mbili ndizo zinazoamua ukuzaji uanze kwenye sauti ya kiasi gani, na hesabu ya 1 gawanya kwa 2πRC inatoa karibu 720Hz. Weka 4.7nF kwa kosa, mpaka unaruka hadi 7,200Hz. Sehemu kubwa ya gitaa inabaki chini ya mpaka huo, na kinachokuzwa ni mchakato wa juu tu, kama gitaa ndani ya mkebe. Weka 470nF, mpaka unashuka hadi 72Hz, chini ya waya mnene wa gitaa ambao uko karibu 82Hz. Besi yote inaingia kwenye mkwaruzo, na akodi inakuwa ugali. Kati ya 47nF na 100nF kuna uwanja mzuri wa kuchagua, na kwa anayepiga kwa gumba nashauri 68nF au 100nF. Huu ni uamuzi wangu wa sikio, jaribu wako.

Kukosa kiasi kamili si tatizo. Kapasita mbili sambamba zinajumlika: 47nF na 47nF ni 94nF, tosha kabisa kwa 100nF. Mbili zinazolingana zikifuatana zinatoa nusu. Rezista ni kinyume chake: zikifuatana zinajumlika, sambamba mbili zinazolingana zinatoa nusu. 470k na 470k zikifuatana ni 940k, na hakuna sikio litakalotofautisha na 1M.

Chanzo cha pili: kapasita ya seramiki mahali pa ile ya filamu. Seramiki ndogo za pikofaradi hazina neno. Zile za 100nF na kuendelea, za bei nafuu, nyingine hubadilika kwa joto na volti, na nyingine husikia kama maikrofoni. Gonga bodi kwa kijiti cha mbao. Ukisikia "tok tok" kwenye ampli, tafuta ya filamu ya polista kwa njia ya sauti, na hiyo ya seramiki ihamishie kwenye umeme.

Chanzo cha tatu: elektroliti iliyokauka, iliyotolewa kwenye televisheni au redio iliyokaa juani. Inaonekana nzima, kumbe ndani imebaki theluthi. Elektroliti nunua mpya. Volti zake ziwe 16V au zaidi kwa pedali ya 9V. 25V na 50V ni sawa, zitakula nafasi tu. Ikiwa kwenye njia ya sauti, chanya yake ielekee upande wenye volti nyingi.

Na hapa nasema wazi, kwa sababu vijana wengi wanachomoa vipuri wenyewe: usifungue televisheni ya kioo cha zamani wala pawasapulai ya kompyuta kwa ajili ya kapasita mbili. Kapasita kubwa za ndani zinaweza kushikilia mamia ya volti hata baada ya kuchomolewa ukutani, na kioo chenyewe kinashikilia maelfu. Nenda kwa fundi wa televisheni, mwombe bodi aliyokwisha kuiondolea umeme. Redio ya betri unaweza kuifungua mwenyewe bila hofu, betri zikiwa zimetolewa.

Mkwaruzo ni mdogo mno, au unafunika kila kitu

Diodi. Ya silikoni, kama 1N914 au 1N4148, inaanza kukata wimbi kwenye 0.6V hivi. Ya jerumani inaanza karibu 0.3V. Taa nyekundu ya LED karibu 1.7V. Kadiri namba inavyopanda, ndivyo sauti ya pedali inavyokuwa kubwa na mkwaruzo unavyopungua. 1N4148 mahali pa 1N914 ni badala kamili. 1N4007, ile nyeusi ya chaja, inafanya kazi pia, na mimi naipenda kwa sababu ncha za sauti zinalainika kidogo. Ukikosa ya jerumani, BAT46 inakaribia. Nyingine zinazouzwa leo kwa jina la 1N60 si za jerumani. Hizo si mbaya, ila usizilipie bei ya jerumani.

Kama mkwaruzo umepungua bila wewe kubadilisha aina, diodi zote mbili zinatazama upande mmoja. Geuza moja.

Mvumo, mluzi, na sauti ya redio

Weka betri. Mvumo ukiisha, adapta ndiyo yenye kosa: nyingi tunazotumia ni za ruta au za simu za mezani, na hazikujengwa kwa ajili ya sauti. Inveta ya bei nafuu ya sola nayo, ile isiyotoa wimbi laini, inaweza kuingiza mlio wa nyuki kwenye ampli yoyote, na hutaumaliza ndani ya pedali. Njia nzuri wakati wa kukatwa umeme ni betri ya 12V ya sola na regileta ya 7809 inayoishusha hadi 9V, kapasita mbili pembeni yake, na fyuzi ya ampea 1 kwenye waya wa chanya, karibu na betri. Fyuzi hiyo usiiache: betri ya 12V ikipigwa shoti inayeyusha waya.

Mvumo ukibaki hata kwa betri, boksi halijafungwa kwenye masi, au umetumia boksi la plastiki. Mkebe wa chuma wa maziwa ya unga unakinga vizuri, mradi waya wa masi uguse chuma kilichokwanguliwa rangi.

Mluzi unaopanda ukiongeza ukuzaji ni waya wa kuingilia na wa kutokea vimekaa pamoja, hasa kama umeweka transista yenye ukuzaji mkubwa kuliko ya mchoro. Vitenganishe. Ukibaki, lehemu 100nF kati ya mguu wa 8 wa chipu na masi, karibu kabisa na chipu. Kwa fazi inayoshika redio, kapasita ya 47pF hadi 100pF kati ya C na B ya transista ya kwanza huizima.

Potensiometa: yote kwa ghafla, au mchakacho

Sauti ikijaa kwenye robo ya kwanza halafu isibadilike tena, umeweka ya mstari (inayopanda sawasawa) mahali pa ya logi (inayopanda polepole mwanzoni). Kwenye zile za Asia, B ni mstari, A ni logi, lakini usiitegemee kwenye za Ulaya za zamani. Zungusha katikati na upime: ukisoma nusu ya kiasi chake ni ya mstari, ukisoma sehemu ya kumi hadi ya tano ni logi.

Mchakacho mara nyingi ni vumbi letu jekundu la kiangazi. Spirei ya kusafishia elektroniki, zungusha mara ishirini, umemaliza. Mchakacho ukirudi siku ya pili, pima volti kwenye miguu ya potensiometa ya sauti. Panatakiwa pawe 0V. Ukikuta hata nusu volti, kapasita iliyo mbele yake inavuja au imewekwa kinyume.

Joto, harufu, moshi: chomoa kwanza

Chomoa kabla ya kufikiri. Kisha angalia adapta. Pedali nyingi hutaka hasi katikati ya plagi. Adapta nyingi za ruta zina chanya katikati, na plagi ni ileile. Pima kwa multimita kabla ya kuchomeka, upande wa DC, kisha upande wa AC wakati adapta imeshachomolewa kwenye pedali: kuna adapta za modemu zinazotoa 9V ya AC, na hiyo itaua chipu na kapasita kwa mara moja.

Adapta ikiwa sahihi na bado panachemka, tazama diodi ya ulinzi iliyokaa kati ya chanya na masi. Diodi ya zena ya kioo inafanana kabisa na 1N4148. Zena ya 5.1V ikiwekwa hapo inafungua njia kwa 9V na inaungua. Weka 1N4001 au 1N4007, mstari wake ukielekea chanya.

Kuna mahali pa kuacha na kumwita fundi. Ukihisi mshtuko kwenye nyuzi za gitaa, au midomo ikipigwa ukigusa maikrofoni, pedali ya betri ya 9V haiwezi kufanya hivyo. Ni ampli, adapta, kebo ya ugani au waya wa ardhi wa jengo. Usicheze tena, usikate mguu wa ardhi wa plagi ili mvumo uishe, mwite fundi umeme mwenye kipimo. Ampli ya taa za kioo (valvu) usiifungue kamwe kama hujafundishwa. Ndani mna volti mia tatu na zaidi, na zinabaki baada ya kuzima. Na usiingize transfoma ya 220V ndani ya boksi la pedali, hata kama rafiki alifanya ikafanya kazi.

Mezani inaimba, ndani ya boksi inakufa

Kitu kinagusa chuma. Fungua kifuniko, pedali ikiwa imewashwa kwa betri, na sukuma bodi polepole kwa kijiti cha mbao mpaka sauti ikatike. Kwa kawaida ni mguu wa jeki, mgongo wa potensiometa uliolalia bodi, au mguu wa kapasita kubwa mbadala uliorefushwa ili ifike. Kata kipande cha karatasi ngumu ya boksi la sabuni, kilaze kati ya bodi na kifuniko, funga skrubu mbili tu kwanza, piga gitaa, kisha funga mbili zilizobaki.